Kadi Zisizo na Macho

Mjomba wangu alipokufa, watu walimsifu matangani mpaka nikaona haya mimi. Ati alikuwa mpatanishi. Ati hakuna nyumba aliyoingia akaiacha na ugomvi. Nilikuwa nimeketi na wanawake wenzangu, leso nimejitanda, nikasikia damu yanipanda kichwani, nikatoka uani nikajifanya natafuta maji ya kunywa. Najua maiti hasengenywi. Nimefundishwa hivyo tangu utoto na nimewafundisha wanangu. Lakini kumsifu mtu kwa jambo ambalo mimi kwa macho yangu nilimwona akifanya kinyume chake, hilo nalo lina sheria gani? Nilikunywa maji, nikarudi, nikakaa kimya kama nilivyokaa kimya miaka yote ile.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana mdogo Msambweni. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na tulikaa watatu: mama, mimi, na bibi mzaa baba. Baba alikuwa baharia wa meli za moto, kazi yake chini kwenye mashine, akienda mwaka, akirudi mwezi. Safari ninayoisimulia alikawia zaidi ya safari zote. Chuo cha Kurani alihitimu, na kuisoma aliisoma vizuri, lakini kuandika barua hakujua. Kwa hivyo alituletea kadi.

Zilikuwa kadi za posta. Upande mmoja picha ya rangi, upande wa pili anwani yetu iliyoandikwa na mkono wa mtu mwingine, basi. Hakuna salamu, hakuna “sisi huku wazima,” hakuna hata jina lake. Siku hizi najua zile picha ni nini. Ni nakala za michoro ya Wafaransa wa zamani, wale waitwao Waimpreshonisti, waliokuwa wakitoka nje na rangi zao kuchora jua na ukungu na maji kabla havijageuka. Wakati ule hatukujua michoro wala Wafaransa. Tuliamini picha ni pahali alipo baba, na kwamba ametuletea ili tumwone alipo.

Duka la Mhindi ndilo lililokuwa posta yetu. Kadi ikifika, mama huitia ndani ya leso, akaja nayo nyumbani bila kuitazama njiani, kwa sababu alitaka tuitazame pamoja. Ya kwanza ilikuwa na marundo mawili ya nyasi yenye ncha, juu yake kitu cheupe. Bibi akasema kumbe na Ulaya wana nyumba za nyasi kama za Wadigo wa zamani, ila milango wameielekeza upande wa pili. Ule weupe ndio tuliobishania. Mimi nilisema ni unga. Mama alisema ni baridi, na kwamba baba anatwambia anaona baridi. Jioni ile alitoa blanketi la baba sandukuni akalianika uani, lipate jua, na sisi joto letu hilo mnalijua.

Ikaja nyingine ya bandari asubuhi, jua jekundu na moshi. Mama akasema sasa yuko karibu na maji, ni njema. Ikaja ya barabara ya mvua, watu wengi na miavuli. Na ikaja ile niliyoipenda mimi kupita zote: mama na mtoto wanateremka kilima chenye maua mengi mekundu, mama amejifunika mwavuli, mtoto yu mbele kidogo. Mama aliitazama ile muda mrefu. Halafu akaniambia, “Huyu ni wewe. Na huyu ni mimi. Anasema anatuona.”

Sasa, chumba ambamo mama alitaka kuzitundika ndimo bibi alimoswalia, na bibi alikuwa mtu wa dini hasa, si wa kuigiza. Nyumba yenye sura ya kiumbe malaika wa rehema hawaingii, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyoishi. Kalenda ya dukani yenye picha ya mtu alikuwa akiikata kichwa kwanza ndipo aitundike. Kila kadi iliyokuja aliipeleka dirishani, akaisogeza karibu na uso, akatafuta macho. Hakuyaona. Wale wachoraji, kama mliwahi kuziona kazi zao, watu wa mbali huwapaka tu: kitone cha rangi ya ngozi, basi, ndicho kichwa. Hakuna jicho, pua wala mdomo.

“Hii si sura,” bibi akasema. “Hii ni rangi tu. Itundike.”

Mama akazitundika kwa miiba ya mdimu, ukuta mzima wa upande wa dirisha. Kila asubuhi akifagia huzipitia, na wanawake wakija kuazima kinu au moto huwasomea: hapa mvua inamnyeshea, hapa amefika bandarini. Wako waliocheka. Walikwenda kisimani wakaziita kadi bubu, na mke wa bubu. Mama alisikia akawaacha. Alikuwa na jibu lake, na alimpa mtu mmoja mmoja aliyeuliza kwa adabu: kadi haina bahasha, kila mtu wa posta aisoma, na mumewe asiyejua kuandika angelazimika kumtamkia karani maneno ya kumpa mkewe. Mwanamume mwenye haya hafanyi hivyo. Mimi hadi leo sijaona kosa katika hoja hiyo.

Mjomba ndiye aliyeona kosa. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, karani wa kupima mbata, zile nazi kavu, huko Ukunda, kanzu nyeupe na kalamu mbili kifuani. Moja iliandika, nyingine ilikuwa ya kutazamwa. Alikuwa na mshirika wake wa biashara ya mbata, mtu wa Jego, aliyefiwa na mke, na mtu huyo alimtaka mama. Huo ndio uliokuwa mzizi wa mambo yote. Dini na huruma kwa dada ni majani tu aliyoufunikia. Akaanza kuja kila Ijumaa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, akasema. Asiyekuwepo na lake halipo, akasema. Ati barua isiyo na salamu ni tusi, na mtu amletee mkewe kadi tupu mwaka wa pili huu, si kwamba amemwacha ila anaona haya kutamka? Mama aende naye Kwale kwa kadhi, aseme mumewe hajulikani alipo, ndoa ivunjwe, eda iishe, mambo yaende.

Mama humwandalia chakula, humpa maji ya kunawa, na kaka yake akimaliza kusema humjibu lile lile. Mume wangu yu hai, ananiletea habari, hizo hapo ukutani. Mjomba huzitazama zile kadi kwa chuki ya wazi. Ukweli ni kwamba zilimzuia. Mama hangeweza kusimama mbele ya kadhi akaapa kwamba mumewe hana habari naye, na ukuta umejaa. Na bibi, ambaye mjomba alitarajia angekuwa mkwe mchungu wa kumfukuza mama nyumbani, alikuwa upande wa mama. Wanawake wale wawili walikuwa kitu kimoja, na kilichowaunganisha ni ule ukuta.

Basi Ijumaa moja mama na bibi walikwenda kwa jirani aliyejifungua. Nilibaki mimi, nasukuma kuni jikoni kwa mguu mmoja na kuchambua kunde kwa mikono, mtoto wa kike huachiwa nyumba. Mjomba akapiga hodi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaingia ndani moja kwa moja. Nilimfuata na maji. Nikamkuta ameketi kitandani mwa bibi, kadi ameziangua ukutani, ameziweka gotini, na ile kalamu iliyoandika imo mkononi.

Alikuwa anawatia macho. Taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika alifu. Nukta mbili za wino, kijistari cha pua, kijistari cha mdomo. Wale wa miavuli aliwatia wote walioweza kutiwa. Kisha akashika ile ya maua mekundu, akamtia macho mama, akamtia macho mtoto. Yule mtoto nilikuwa mimi! Niliona kama ananichoma mwenyewe.

Nikamwambia, “Mjomba, bibi anaswali humu.”

Hakuinua kichwa. “Najua anaswali humu,” akasema.

Akapuliza wino ukauke, akazirudisha kila moja kwenye mwiba wake, akanywa maji niliyomletea, akaenda zake. Akiwa mlangoni akaniambia niwaambie wakubwa kwamba yule mchoraji alikuwa mvivu, ameacha kazi nusu, naye ameimaliza bila malipo. Mimi nimezaa, nimezika, nimeona ya dunia, lakini utulivu ule wa mjomba wangu akipuliza wino bado wanitia hasira kuliko wizi wowote niliowahi kufanyiwa. Angezichana, tungesema ni hamaki. Yeye alitafuta njia ya kuifanya dini ya bibi imfanyie kazi yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Bibi alirudi wakati wa alasiri. Akatawadha, akatandika mswala, akainua mikono, akaishusha. Akasogea ukutani. Mama alikuwa nyuma yake na ndoo.

“Nani amewafumbua macho hawa?” bibi akauliza.

Nikasema ni mjomba. Nikasema na lile alilonijibu, lote, neno kwa neno. Mama aliweka ndoo chini akaketi kwenye kizingiti. Hakulia. Alisema tu, polepole, kwamba haidhuru, bibi azitoe, swala ni swala. Ndivyo alivyokuwa mama. Aliweza kubishana na kaka yake mwaka mzima lakini na mswala wa mkwewe asingebishana. Na mimi nikajua kwamba ukuta ukibaki mtupu, Ijumaa nyingine mjomba atakuja na yule mtu wa Jego, na mama hatakuwa na la kuonyesha.

Bibi aliziangua. Akaswali kwanza, tena kwa utulivu, hakuharakisha hata sijida moja. Alipotoa salamu akazibeba uani. Mimi nilidhani anakwenda kuzitia jikoni, nikamfuata nikimwomba aniachie ile moja tu. Akaniambia nilete kijaluba chake cha tambuu.

Akafungua kile kijaluba, akachovya ncha ya kidole kwenye chokaa, akambandika yule mwanamke wa kwanza wa mwavuli usoni. Macho yakapotea. Akampaka wa pili. Alipofika kwenye ile yangu, mama alikuwa ameshakuja, amesimama juu yetu, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa weupe huo mimi na yeye tunafanana na maiti. Bibi akatazama. Akakubali. Akaniagiza manjano, kijiko kidogo, akayachanganya na chokaa juu ya jani la mtambuu. Mpishi yeyote wa pwani na mla tambuu yeyote anajua kinachotokea: chokaa na manjano vikikutana hugeuka rangi, vikawa kama udongo mwekundu. Bibi akachovya tena, kidogo tu, akatugusa nyuso, mama na mtoto, kitone kimoja kila mmoja.

“Basi,” akasema. “Sasa ndio nyinyi hasa.”

Kweli tulikuwa sisi. Yule mzungu wa kilimani amekuwa mtu wa kwetu. Mama akacheka, akiwa na machozi sasa, akazirudisha ukutani zote kabla ya magharibi. Miaka mingi baadaye nilisoma katika kitabu kwamba wale wachoraji nao, enzi zao, waliambiwa na wakubwa wa mji wao kuwa wavivu, wanaacha kazi nusu. Nikamkumbuka mjomba nikasema, loo, kumbe yuko kila mahali.

Ijumaa ile nyingine alikuja na yule mtu wa Jego, kama nilivyojua. Alikuwa na uso wa mtu anayekuja kutoa pole. Akaingia, akatazama ukuta, ule uso ukamwisha. Bibi alikuwa anakunja tambuu yake. Aliwaamkia vizuri, akawakaribisha, akamwambia mjomba kwamba kalamu yake ni nzuri ila rangi alikosea, na kwamba wao wameshamrekebishia. Yule mtu wa Jego hakuelewa kitu. Mjomba akaanza habari za fimbo ya mbali na nyoka, na mama, ambaye hajawahi kumkatiza kaka yake maishani, akamkatiza.

“Mimi nina mume, kaka. Chakula kipo, mkitaka kula kuleni. Kwale siendi.”

Walikula, kwa aibu tu, wakaondoka. Na mjomba, badala ya kutubu, alikwenda Ukunda na Kinondo na kila alikopima mbata akieneza kwamba nyumba ya dada yake imejaa masanamu, na kikongwe yule ameyapaka madawa. Watu wazima wakaamini! Mwezi wa maulidi mama alikaanga vitumbua karai nzima, mwaliko akaupeleka kwa mdomo wake, nyumba kwa nyumba, kama desturi. Walikuja majirani watatu na paka. Vile vitumbua tulivila mpaka vikaota ukungu. Wale wanawake waliokataa kuja ni wale wale waliokuwa wakiazima kinu chetu, na walipokuja tena kukiazima mama aliwapa. Mimi singewapa.

Kisha kadi zikakatika. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu sasa hata sisi tulianza kuogopa. Mama alikwenda dukani kwa Mhindi, akarudi leso tupu. Hakusema kitu, lakini alikuwa akizipangua zile za zamani na kuzipanga upya, ya mvua mbele, ya bandari mwisho, kama kwamba zikipangwa vingine zitasema jambo jipya. Mjomba alipita mara moja tu, akasimama nje, akauliza kwa sauti kama kuna habari. Bibi akamjibu kutoka ndani kwamba habari ni njema.

Baba alirudi upepo wa kusi ulipokuwa unakwisha. Alishuka basi la Mombasa na sanduku begani, amekonda, kumbe alilazwa hospitali ya huko miezi kwa kifua, ndiyo sababu ya kimya. Nyumba ikajaa watu, na wale wa kisima wakiwemo. Mama akapika pilau. Na nani aliyekuwa wa kwanza kwenye sinia, amekunja mikono ya kanzu, anamkatia baba mapande ya nyama na kumwita shemeji yangu, shemeji yangu? Msinifanye nimtaje tena.

Baba kabla hajala aliingia chumbani kuutazama ukuta. Alisimama pale, mkono kwenye bega la bibi, akacheka kwa furaha. Akasema, mbele ya wote waliokuwepo, kwamba pale bandarini kulikuwa na duka la kadi, na kila alipoingia mwenye duka alimwona mwehu. Kadi nzuri nzuri zilikuwepo, za wanawake wenye nyuso kamili, macho makubwa, naye aliziacha. Alizigeuza moja moja kwenye mwanga.

“Nilikuwa natafuta zisizo na macho,” akasema, “ili mama yangu asizitoe ukutani.”

Mama aligeuka akatazama dirishani. Miaka miwili watu walimwambia kwamba kadi zile hazikusema kitu, na ndani yake yote hayo yalikuwemo: chumba kile, mswala ule, mama yake, mkewe, na mwiba wa kutundikia.

Ndipo baba akaangua ile ya maua mekundu. Akaisogeza karibu, akaipapasa kwa kidole. Ile rangi ya bibi ilikuwa imekauka ikapasuka kidogo, na chini yake wino ulionekana ukichungulia, buluu. “Na hii?” akauliza. “Imefanya nini hapa usoni?”

Nilimwona mjomba amesimama mlangoni, ameshika tonge, halipandi halishuki. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa herufi, vidole vya mama vilikuwa vimeshanifinya paja, akanifinya hasa, alama ilikaa.

“Unyevu,” mama akasema.

Na mjomba, walahi, akameza tonge lake akasema, “Ndiyo, shemeji. Kusi la mwaka huu, unyevu ulikuwa mwingi mno.”

Bibi akatazama chini. Baba akakubali, akairudisha kwenye mwiba wake, wakaenda kula. Baadaye nilimuuliza mama kwa nini. Akaniambia kaka ni kaka, na mume amerudi, na ya nini kumtia mtu aibu juu ya sinia la pilau. Ni stara. Nilimheshimu mama yangu, Mungu amrehemu, na stara yake nimeibeba miaka yote hii. Bibi alikufa nayo, baba alikufa bila kujua, mama akafuata, na sasa mjomba amekwenda akisifiwa na Ukunda nzima.

Ile kadi ninayo mimi. Iko hapa mezani ninapoandika, pembe zimelika, maua bado mekundu. Wajukuu wangu wakiishika huniuliza kile kiraka cha usoni ni nini, na kabla sijajibu hujijibu wenyewe, kwa vile wameshasikia hivyo kwa mama zao, na mama zao kwa mama yangu.

Haukuwa unyevu.